Maji ya kuuachia mto: asilimia au wataalamu?

Hapa Moshi mabishano hayaishi: watu wakishachota yao, mto uachiwe maji kiasi gani? Njia ya Tennant, mtaalamu wa samaki wa Marekani, ya 1976 ni hesabu ya dukani: chukua wastani wa mtiririko wa mwaka, acha 10% mto usife, 30% samaki wapumue. Ukiwa na takwimu, kazi ya siku moja. Ila ilizaliwa kwenye mito ya Marekani. Masika na vuli haivijui. Njia ya vitalu, yaani kujenga mtiririko kipande kwa kipande, ya Afrika Kusini, huwaingiza mtoni wataalamu wa samaki, mimea na mchanga, wakipanga maji mwezi kwa mwezi, hata mafuriko. Ghali, tena ya taratibu. Lakini kule Pangani, ambako maji ya chumvi hupanda mtoni pale maji yatokayo juu yanapopungua, mimi singethubutu asilimia tupu. Kijito chenye mfongo (mfereji wa umwagiliaji) mmoja? Tennant inatosha, mradi rula ya kupimia kina cha maji isomwe kila asubuhi.