Kliniki ya afya ya akili mjini Mtwara: daktari msikivu, karatasi ya kupotosha

Huduma ninayoizungumzia ni ya kliniki moja ya mjini Mtwara, ambako tulimpeleka mpwa wangu aliporudi kutoka Durban, Afrika Kusini, akijibizana na sauti ambazo sisi wengine hatukuzisikia. Nyumbani ilishasemwa kuwa ni majini, na wajomba walikuwa wakiulizia fundi wa kuyatoa.

Ubora wa kliniki hii uko kwenye kuchukua historia. Daktari hakuishia kuuliza juu ya bangi na maradhi ya ukoo. Alitaka kujua kijana alihama akiwa na umri gani, aliishi karibu na watu wa kwao au peke yake, na kama aliwahi kukimbizwa katika vurugu dhidi ya wageni, kisha akampigia simu Mmakonde aliyepanga naye chumba huko na kumsikiliza hadi mwisho. Maswali hayo yana msingi. Mwaka 1932 Ørnulv Ødegaard, daktari wa akili wa Norwe, alionyesha kuwa Wanorwe waliohamia Minnesota, Marekani, walilazwa kwa skizofrenia (ugonjwa wa akili ambao mara nyingi humfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo) zaidi ya waliobaki kwao, na uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na watafiti Cantor-Graae na Selten mwaka 2005 ulikuta hatari kwa wahamiaji ikiwa takriban mara 2.7 ya wenyeji, na kwa watoto wao mara 4.5, ilhali watoto hao hawakuhama kokote. Kwa kuwa tafiti zilizofanyika Jamaica kwenyewe hazikukuta wingi wa ugonjwa unaoonekana kwa watu wenye asili ya Karibi walioko Uingereza, kuilaumu damu ya ukoo peke yake ni vigumu. Ubaguzi na upweke wa ugenini vinapewa uzito mkubwa.

Karatasi ya maelezo wanayogawa, kwa upande wake, ingefaa iondolewe. Imeandika kwamba ugonjwa huu unatokana na "kinga ya mwili kushuka", na huku kwetu asomaye hayo atadhani kijana ana UKIMWI. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2014 ulibaini maeneo 108 ya vinasaba yanayohusiana na skizofrenia, lenye uhusiano mkubwa zaidi likiwa lile la vinasaba vya kinga. Miaka 2 baadaye ilionekana kuwa sehemu ya uhusiano huo inatoka kwa kinasaba cha C4, ambacho kinahusishwa na kupogoa miunganiko ya seli za ubongo, na aina zake zinazofanya kazi kwa wingi zaidi ndizo zinazoongeza hatari. Hilo si kushuka kwa kinga. Karatasi inataja pia upungufu wa vitamini D kwa weusi waishio nchi zenye jua haba, nadharia ya kuheshimika, ila kwa mtu aliyetoka Durban haina mashiko.

Faragha ni mbovu: benchi la kusubiria limegusana na dirisha la dawa, na jina la mgonjwa huitwa pamoja na dawa yake, kwa sauti. Vidonge vya haloperidol, dawa ya ugonjwa huu, tulivipata, lakini sindano ya kila mwezi tuliinunua duka la nje.

Ninaipendekeza hata hivyo. Nendeni na mtu aliyeishi na mgonjwa huko alikokuwa, au walau namba yake ya simu. Na walioko Masasi au Lindi waulize kwanza kama sindano ipo kabla ya kukata tiketi ya basi.