Teksi za Mtandaoni Jijini Nairobi: Huduma Nzuri kwa Abiria, Ulinzi Hafifu kwa Dereva

Kwa abiria wa kawaida wa Nairobi, teksi za mtandaoni ni miongoni mwa huduma chache za usafiri ambazo zimeboreka kweli katika miaka kumi iliyopita. Unaijua nauli kabla hujapanda, unalijua jina la dereva na nambari ya gari, jamaa yako aliye nyumbani anaweza kuifuatilia safari kwenye simu yake, na malipo unayafanya kwa M-Pesa bila kubishania chenji usiku wa manane. Kama ningetathmini hayo peke yake, ningeipa huduma hii nyota nne kati ya tano na kuishia hapo. Lakini ziko siku za mgomo, ambapo chama cha madereva kimetangaza kwamba magari yote yazimwe na bado wapo madereva wanaoamua kufanya kazi, na siku hizo zimenifanya niipime huduma hii kwa swali lisiloulizwa kwenye ukurasa wa kutoa nyota: dereva huyu anayenipeleka kazini analindwa na nani?

Katika mgomo mmoja niliita gari asubuhi kutoka karibu na kituo cha mabasi. Dereva alinipigia simu mara moja akaniomba niende nyuma ya kituo cha mafuta kilicho jirani, na nilipofika akanifungulia mlango wa mbele. Kishikilia simu kilichokuwa kwenye dashibodi alikuwa amekwisha kukibandua, alama ya duara la mpira ikiwa bado inaonekana kiooni, na simu yenyewe aliilaza juu ya paja huku sauti ya maelekezo ikisikika kwa chini sana. Aliniambia, kwa adabu na bila mzaha wowote, kwamba tukisimamishwa niseme mimi ni shemeji yake. Wanaosimamia mgomo kwenye mizunguko ya barabara hutafuta vitu viwili, alinieleza: simu iliyobandikwa mbele na abiria aliyeketi nyuma peke yake. Wakivipata, abiria huteremshwa, ufunguo huchukuliwa, na tairi hutolewa upepo. Hayo ni ikiwa una bahati.

Uadui huu haukuanza jana. Uber ilipoingia Nairobi Januari 2015 ilikuta teksi zenye mstari wa manjano ubavuni, ambazo wenyewe walikuwa wakilipia leseni na nafasi za kuegesha katikati ya jiji, na ambazo bei yake ilipatikana kwa kupatana dirishani. Mwaka mmoja baadaye vyama vya wenye teksi hizo viliipa serikali makataa ya kuipiga marufuku kampuni hiyo, na katika kipindi hichohicho cha mwanzo wa 2016 madereva wake walishambuliwa, abiria wakateremshwa kwa nguvu, magari yakaharibiwa na kuchomwa moto. Kisha sura ya mgogoro ikabadilika. Julai 2016 Uber ilipunguza nauli kwa asilimia 35, na mwezi uliofuata waliogoma walikuwa madereva wa Uber wenyewe. Tangu hapo anayeandamwa barabarani mara nyingi ni dereva wa mtandaoni anayefanya kazi wakati wenzake wa mtandaoni wamezima simu, jambo linaloifanya kazi ya polisi kuwa ngumu zaidi, kwa sababu mshambuliaji na mshambuliwa huendesha magari ya aina moja na pengine wamo katika kundi moja la WhatsApp.

Sheria haina utata mkubwa katika suala hili, na ni vyema abiria na dereva wakaijua. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Lakini kifungu cha 36 kinasema kwamba mtu hatalazimishwa kujiunga na chama cha aina yoyote, na kifungu cha 29 kinamkinga kila mtu dhidi ya ukatili, uwe umetoka kwa vyombo vya umma au kwa watu binafsi. Kulinda maisha na mali ni wajibu ulioandikwa katika Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011. Dereva anayeomba kulindwa siku ya mgomo anadai kilicho chake, sawa na mgomaji anayetembea barabarani na bango lake.

Ulinzi huo ukoje, basi, kwa mtu anayeuhitaji? Nimewahi kumsindikiza dereva aliyevunjiwa kioo cha upande wa abiria mpaka kituo kimoja cha polisi, na nitaeleza nilichokiona bila kukitaja kituo hicho. Mezani tulipokelewa vizuri. Afisa aliandika taarifa kwenye kitabu cha matukio, akampa dereva nambari ya OB, yaani ya taarifa hiyo kitabuni, kwenye kipande cha karatasi, na akamweleza kwamba angekuwa ameumia angepewa fomu ya P3 ya kujazwa na daktari, na kwamba kwa ajili ya bima angehitaji abstrakti ya polisi, yaani hati ya kuthibitisha kwamba tukio liliripotiwa. Hayo yote yalikwenda haraka kuliko nilivyotarajia, na kwa sehemu hiyo ninawapa nyota tatu. Kisha yakaja maswali matatu: unawajua waliofanya hivi, una picha zao, shahidi yuko wapi? Dereva aliwajua wawili kwa sura, lakini hakutaka kuwataja, maana wanajua anakolaza gari. Picha hakuwa nazo, kwa sababu simu alikuwa ameificha. Shahidi nilikuwa mimi pekee, na nilikuwa nimefika baada ya kioo kuvunjika. Abiria aliyekuwa ndani ya gari alikwisha kupanda matatu na kwenda zake, na kampuni, iliyokuwa na jina lake na nambari yake ya simu, ilimjibu dereva kwa ujumbe wa kumpa pole na kumwahidi kwamba suala lake lingeshughulikiwa.

Kuhusu bima, wengi hawajui, na yafaa kusemwa waziwazi: bima nyingi za magari hazilipi hasara iliyotokana na ghasia na vurugu za umma isipokuwa mwenye gari ameongeza malipo kwa ajili ya kipengele hicho. Dereva wa kuajiriwa, ambaye kila wiki lazima apeleke hesabu, yaani kiasi walichokubaliana, kwa mwenye gari, hana sauti katika uamuzi huo. Kioo kikivunjika, gharama inamrudia yeye, na siku ambazo gari liko gereji hesabu haisimami.

Kwa hiyo ulinzi wa baada ya tukio upo, ingawa una mapengo. Ulinzi wa kabla ya tukio ndio ninaoupa nyota moja, na sioni udhuru wa hali hiyo. Sheria ya Utulivu wa Umma inamtaka anayeandaa maandamano awaarifu polisi siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla ya tarehe yenyewe. Chama kinachofuata utaratibu huo kinawapa polisi tarehe, saa na njia kitakayopita. Maeneo nayo ambako dereva hukabiliwa hayahitaji kupelelezwa: ni pale abiria wanapopatikana kwa wingi, yaani njia za kuelekea uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, stesheni ya treni ya SGR ya Syokimau, malango ya majumba makubwa ya biashara, na mizunguko ya kuingilia katikati ya jiji. Kuweka maafisa wachache wenye sare katika maeneo hayo tangu alfajiri, wakiwa na maagizo ya kuzuia mtu yeyote kunyang'anya ufunguo wa gari la mwenzake, ni jambo lililo ndani ya uwezo wa kituo chochote kilichokwisha kuarifiwa. Mara nyingi maafisa hupelekwa kuyafuata maandamano yenyewe, wakiwa na vitoa machozi, na hivyo mgomaji mtulivu hupata msukosuko asioustahili huku mtu anayetoa upepo kwenye tairi, kilomita mbili kutoka hapo, akiwa haonwi na yeyote.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu naogopa ulinzi unaoweza kugeuka kuwa silaha ya kuvunja mgomo. Malalamiko ya madereva yana mashiko. Kanuni za 2022 za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni inayokatwa na kampuni, na hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini kamisheni ni upande mmoja tu wa hesabu. Septemba 2023 lita moja ya petroli jijini Nairobi ilipita shilingi 211, huku nauli ikiwa imepangwa na kampuni ambazo hazinunui hata lita moja. Mwaka 2024 madereva wengi walibandika ndani ya magari yao viwango vya nauli walivyojipangia wenyewe, na abiria akaulizwa kabla ya safari kama anakubali. Mimi nilikubali kila nilipoulizwa. Uber iliwaonya madereva dhidi ya utaratibu huo, na najua wapo abiria walioudhika, lakini ulikuwa ugomvi wa bei uliofanywa kwa maneno, mlango ukiwa wazi kwa asiyekubali, ashuke na kutafuta gari jingine. Chama kinachoweza kupanga jambo kama hilo hakina haja ya vijana wa kusimama kwenye mzunguko na mawe, na viongozi wake wanapaswa kuwakana vijana hao kwa majina, hadharani, siku hiyohiyo.

Kampuni nazo nina la kuziambia. Programu zake zina kitufe cha dharura, na kwa abiria aliyeketi nyuma kitufe hicho kina maana. Dereva aliyezungukwa, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mwingine ukiuzuia mkono wa mtu anayetaka ufunguo, hana kidole cha kukibonyeza. Jambo linaloniudhi zaidi ni bei. Siku ya mgomo magari hupungua, na yakipungua programu hupandisha nauli yenyewe kwa hesabu zake. Nauli hiyo humvuta barabarani dereva ambaye hali yake ni ngumu kuliko wote, yule ambaye hawezi kukosa hesabu ya wiki hii, na kampuni huchukua kamisheni yake kutoka kwenye nauli iliyopandishwa na hatari ileile. Kama hatari inaingiza pesa, sehemu ya pesa hizo ingepaswa kulipia kipengele cha bima kinachofidia vurugu kwa siku hizo, na simu ya mtu halisi anayeweza kumpigia mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu. Dereva anayefuta safari kwa kuhofia usalama wake pia asihesabiwe kwamba ameikataa kazi. Kwa namna zinavyowatunza madereva katika hali hii, nyota mbili zinatosha.

Afrika Kusini inatuonyesha mambo yanakoweza kufika yakiachwa. Madereva wa mtandaoni wa Johannesburg na Pretoria walipoandamwa na wenye teksi kwenye stesheni za treni ya Gautrain, kampuni ya Uber iliweka walinzi wa kibinafsi katika stesheni hizo, na ulinzi ukabaki pale penye mlinzi. Ukitoka hatua chache, uko peke yako. Agosti 2025 dereva mmoja wa mtandaoni aliuawa nje ya jumba la biashara la Maponya, Soweto, mahali ambapo mvutano huo ulikuwa umejulikana kwa muda mrefu. Mwezi uliofuata serikali ya huko ilichapisha kanuni mpya za magari haya, zikiwemo zinazodai alama za utambulisho na kitufe cha dharura kwa abiria. Kwa maoni yangu alama hizo ni jambo la kuangaliwa kwa makini: humsaidia abiria kulitambua gari lake, na humsaidia pia anayelivizia.

Je, ninaipendekeza huduma? Kwa siku za kawaida, ndiyo, bila kusita. Siku ya mgomo, kama safari yako inaweza kungoja, iache ingoje, au panda matatu au treni ya abiria, kwa kuwa gari unaloliita linamweka mtu mwingine hatarini kwa ajili yako. Kama ni lazima usafiri, chagua mahali pa kupandia palipo mbali na mzunguko, keti mbele, mpigie dereva umuulize njia anayoiona salama hata kama ni ndefu, na umlipe tofauti ya nauli. Likitokea la kutokea, piga 999 au 112 ukiwa umesogea mahali salama, kisha usiende zako. Fuatana na dereva hadi kituoni ukaandikishe maelezo yako, uyasome kabla ya kutia sahihi, na umwonyeshe afisa risiti ya safari iliyo kwenye simu yako, kwa sababu ina tarehe, saa, njia mliyopita na jina la dereva, na bila wewe faili ile itakuwa na maelezo ya mtu mmoja tu.