Nani aligusa koki ya mtungi wangu?

Kama umepata cheti cha kupiga mbizi juzijuzi na unatafuta kampuni ya kwenda nayo baharini, soma haya kwanza. Kampuni hii ninayoitolea maoni niliichagua kwa picha na sifa za watu, na mpaka tunapanda boti nilikuwa tayari kuisifu. Vifaa visafi, boti nzuri, nahodha mpole. Hapo sina ubishi.

Dalili zilikuwepo ila nilizipuuza. Ofisini waliniuliza namba ya kiatu na uzito, basi. Hakuna aliyetaka kujua nimezama mara ngapi wala mara ya mwisho ilikuwa lini. Daftari langu, lenye mbizi nne tu za kozi, nililibeba mkononi na halikufunguliwa.

Sasa kilichoniudhi. Tumefika, nimeshavaa mtungi wa hewa, nimekaa ukingoni mwa boti. Kijana mmoja akapita nyuma yetu akigusagusa koki za mitungi haraka haraka. Mwalimu wangu alinizoesha kuvuta pumzi tatu nne nikiwa nimekazia macho geji, kile kipimo cha hewa iliyomo mtungini, kabla ya kuingia majini. Nikafanya hivyo. Mshale ulikuwa kwenye 200, yaani mtungi umejaa. Nikavuta, ukaporomoka hadi karibu na 100. Nikaacha, ukapanda tena. Nikavuta, ukaporomoka.

Hiyo maana yake koki imefunguliwa kidogo tu. Juu ya maji hewa inakutosha, huhisi kitu. Ukifika mita 18, ndiyo mwisho ninaoruhusiwa na cheti changu, mgandamizo unakaribia mara tatu ya huku juu, na kila pumzi inadai hewa kwa kiasi hicho hicho. Huko ndiko koki inakunyima. Wapo wenye mazoea ya kufungua mpaka mwisho halafu kurudisha robo mzunguko; akikosea upande, amefunga yote na kukuachia hiyo robo.

Nikamwambia kiongozi wetu, "Kaka, mshale wangu unacheza." Hakugeuka hata kutazama. "Dada, una hewa 200, tulia. Nyie wageni mna woga sana." Mbele ya watu wote. Wawili wakacheka. Na hili ndilo linaloniuma hadi leo: niliona aibu, nikaanza kuvaa miwani ili nisiwacheleweshe. Nilikuwa naingia hivyo hivyo! Mzee mmoja, mteja kama mimi, alinyoosha mkono bila kusema neno akaizungusha koki, mara ya kwanza, mara ya pili, ikaendelea kwenda. Nikavuta pumzi. Mshale ukatulia tuli.

Mbizi yenyewe, nisiseme uongo, ilikuwa tamu. Kasa alitupita taratibu kiasi cha kuona mikwaruzo kwenye gamba lake, na pale chini nilishawasamehe wote, nikajiambia nyota nne wanastahili. Tuliposimama zile dakika tatu za usalama kwenye mita 5, kabla ya kutoka majini, nilikuwa natabasamu mpaka maji yanaingia kwenye miwani.

Kisha nikarudi botini nikamweleza yule kiongozi kwa upole kabisa kwamba koki ilikuwa karibu imefungwa. Akanijibu, "Si umerudi salama?"

Hapo nyota zote zikaisha. Kiongozi mmoja, watu wanane, na anayesema kifaa chake kina kasoro anaitwa mwoga. Ukipiga simu kampuni yoyote, waambie waziwazi kwamba wewe ni mgeni na una mbizi nne tu, halafu usikilize wanavyokujibu. Akikuuliza maswali, nenda naye. Akikwambia "usijali" kabla hujamaliza kuongea, kata simu.

Labda kwa mzoefu ni kampuni nzuri tu. Yule mzee huwa anarudi kwao. Mimi nimeweka nyota mbili, moja ya nahodha. Majuzi wameniandikia kunikaribisha tena kwa punguzo. Sijawajibu. Waniambie kwanza nani aligusa koki yangu, na kama wameshaongea naye.