Uzoefu wangu: maltimita ndogo na kompyuta iliyogoma kuwaka

Kompyuta yangu ya mezani ni ya mwaka 2011. Kwa wiki tatu ilinisumbua kila asubuhi: nabonyeza swichi, feni zinazunguka sekunde mbili, inazima, inajaribu tena yenyewe, inazima. Ikishawaka mara ya tano au ya sita, inashinda kutwa nzima bila tatizo. Nilishachomoa RAM (vibao vya kumbukumbu ya muda) na kuzisugua pini kwa kifutio, nikabadilisha waya wa umeme, na nilikuwa nimebakiza kidogo ninunue bodi kuu nyingine. Nikaamua ninunue kwanza maltimita (kifaa cha kupimia umeme) ya kidijitali, ile ya kawaida kabisa.

Nilianza na betri ya saa ya ndani ya kompyuta, aina ya CR2032, kwa kuwa tarehe ilikuwa inarudi nyuma kila nikichomoa plagi ukutani. CR2032 mpya husoma volti 3 na ushee. Yangu ilisoma 2.3. Nikaweka mpya, na hapo ndipo nilipopata hofu kubwa kuliko ya mwanzo: Windows ikaleta skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Nilidhani diski imekufa. Kumbe betri ilipotoka, BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) ilisahau mipangilio yake, na diski ikawa inasomwa kwa IDE badala ya AHCI, ambazo ni njia mbili tofauti za kuwasiliana na diski. Nilirudisha AHCI, ikawaka. Kwa hiyo ukibadilisha betri hiyo, piga picha kurasa za BIOS kwanza.

Lakini asubuhi iliyofuata mgomo ukaendelea. Safari hii nilipima pawa saplai yenyewe (boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta), kompyuta ikiwa inafanya kazi, kwenye plagi moja ya pini nne iliyokuwa haitumiki: ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye waya wa njano. Laini ya volti 12 inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6. Yangu ilikuwa 11.1. Kapasita (vipande vya ndani vinavyohifadhi chaji ya umeme) zilizochoka hufanya kazi vibaya zaidi zikiwa za baridi, na ndiyo maana ikishapata joto ilitulia. Nilifunga pawa saplai mpya, kipimo kikapanda hadi 12.1, na tangu siku hiyo inawaka kwa kubonyeza mara moja.

Sasa kifaa chenyewe, maltimita. Kinasoma vizuri na maandishi yake ni makubwa, ila ncha zake ni nene mno, haziingii nyuma ya plagi ya pini 24 inayopeleka umeme kwenye bodi kuu. Pia namba hubadilika mara mbili au tatu tu kwa sekunde, kwa hiyo umeme ukiyumba kwa sehemu ndogo ya sekunde wakati wa kuwasha, hutauona. Kwa hiyo kipimo kizuri hakithibitishi kwamba pawa saplai ni nzima. Kipimo kibaya ndicho cha kuamini. Na tafadhali, hakikisha waya mwekundu haupo kwenye tundu la ampea 10 unapopima volti, maana hapo utakuwa umepiga shoti moja kwa moja. Boksi la pawa saplai usilifungue hata kama limechomolewa. Kapasita za ndani hubaki na chaji.

Naipa nyota nne. Ya tano ningeitoa kama ingekuja na ncha nyembamba.