Miaka Mitatu na Sinki la Shaba Jikoni Kwangu, Jinja

Nimeosha vyombo katika sinki la shaba kwa miaka mitatu na miezi kadhaa sasa, nyumbani kwangu Jinja, na kwa kuwa majirani na jamaa wanaoingia jikoni huniuliza maswali yale yale, yaani kama linashika kutu, kama lina sumu na kama kulitunza hakuchoshi, nimeona niandike kwa utaratibu yale niliyoyashuhudia. Msimamo wangu nautaja mapema: ninalipenda na ningelinunua tena, lakini nisingemshauri alinunue mtu anayetaka sinki lake libaki na rangi ile ile aliyoliona nayo dukani. Shaba hubadilika rangi tangu siku ya kwanza, na asiyependa badiliko hilo atatoa fedha nyingi kisha atakesha akilisugua.

Mapenzi yangu kwa shaba ni ya tangu utotoni. Baba yangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi katika tanuru la kuyeyushia shaba hapa Jinja katika miaka ya 1960, wakati mawe ya Kilembe yalipochimbwa milimani Rwenzori, yakasagwa na kuchujwa huko huko, kisha yakapakiwa kwenye mabehewa mjini Kasese, ambako reli ilifika mwaka 1956, na kuletwa huku karibu na umeme wa bwawa la Owen Falls. Tulikaa Walukuba, mahali ambapo watoto wa wafanyakazi waliotoka kila upande tulielewana kwa Kiswahili. Nyumbani kulikuwa na pande la shaba ambalo Mama alilitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Juu lilikuwa la kahawia iliyokoza, karibu na weusi, lakini ukingo mmoja, ule tulioushika kila tulipolisogeza, ulibaki mwekundu. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nikijifunza jinsi sinki langu litakavyokuwa.

Sinki la kwanza nililonunua halikuwa la shaba hata kidogo. Nililipata katika duka moja la vifaa vya ujenzi jijini Kampala, likiwa linang'aa kama sarafu mpya, na muuzaji alinihakikishia kwamba ni shaba tupu. Baada ya miezi minne ule wekundu ulianza kubanduka karibu na tundu la maji, na chini yake kukatokea weupe wa chuma cha pua. Kilichoniuma zaidi ya fedha ni kwamba ningeweza kuligundua hilo dukani kwa dakika tano, kama ningejua namna ya kulipima.

Kwa hiyo ninayeandika sasa ni mtu aliyejifunza kwa hasara. Sumaku husaidia, kwa sababu shaba haivutwi na sumaku, lakini haitoshi, kwani aina nyingi za chuma cha pua zinazotengenezewa masinki nazo hazivutwi. Jambo la pili ni kuligeuza sinki na kuomba ruhusa ya kulikwaruza kidogo upande wa chini, mahali pasipoonekana: shaba halisi ni nyekundu kwa ndani kama ilivyo kwa nje. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote, hata hivyo, ni maji ya moto. Mimina kiasi kidogo katika kona moja na uweke kiganja kwenye ukuta wa sinki, mbali kidogo na yalipo maji. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko chuma cha pua, kwa hiyo joto litakufikia kiganjani upesi, ilhali katika chuma cha pua joto hubaki pale pale lilipomwagwa. Muuzaji wa kweli hatakataa. Yule wa sinki langu la pili alileta birika mwenyewe.

Unene nao ni wa kuulizwa kwa milimita. Wauzaji wengi hutaja geji, na namba za geji huenda kinyume na matarajio ya mnunuzi, maana namba ikipanda bamba huwa jembamba zaidi. Kwa shaba, geji 14 ni takriban milimita 1.6, geji 16 ni kama milimita 1.3, na geji 20 haifiki hata milimita moja. Shaba ni laini, na sinki jembamba litabonyea siku ya kwanza sufuria ya matoke itakapokuponyoka. Mimi nilichagua milimita 1.6 kwa jikoni. Kwa beseni la kunawia mikono, ambalo halipigwi na vitu vizito, milimita 1.3 ingenitosha. Nilichagua pia lililofuliwa kwa nyundo, lenye vishimo vidogo kila mahali, na sikufanya hivyo kwa urembo pekee: kufua huifanya shaba iwe ngumu zaidi, na mikwaruzo ya vijiko na visu hupotea kati ya vishimo hivyo, wakati katika uso laini kila mkwaruzo huonekana.

Kisha kuna maungio, na hapa ninaomba msomaji asikimbie. Sinki linaweza kuwa la shaba safi lakini pembe zake zikawa zimeunganishwa kwa lehemu ya bei nafuu yenye risasi. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na sinki ndiko tunakooshea mboga na matunda yao. Niliomba sinki ambalo pembe zake zimechomelewa kwa shaba yenyewe, na nikalikagua kwa kidole na kwa macho: mahali palipochomelewa kwa shaba pana rangi moja na sehemu nyingine, ilhali lehemu huacha mstari wa kijivu kama fedha iliyofifia. Mfanyabiashara aliyeniagizia kutoka India alinipa hakikisho hilo kwa maandishi, nami nakushauri usikubali la mdomo.

Nililipa shilingi milioni mbili na laki nne, pamoja na usafirishaji hadi mlangoni. Ni fedha nyingi, na sitajaribu kumshawishi mtu kwamba si nyingi.

Kulifunga kulitaka busara kuliko nilivyodhani. Sinki lenyewe lina uzito wa kilo 18 hivi, lakini likijaa hubeba karibu lita 100 za maji, kwa hiyo silikoni peke yake chini ya jiwe la granaiti haiwezi kulishikilia. Fundi wangu alitaka kulikalisha juu ya vyuma vya pembe vilivyopakwa zinki, vile vile vinavyotumika kwenye fremu za mabati. Nilimkatalia kwa heshima, kwa sababu shaba ikigusana na zinki mahali penye unyevu, zinki huliwa haraka na chuma kilicho chini yake huanza kuoza. Tukatengeneza fremu ya mbao za mvule, tukaweka kichujio cha shaba ya manjano kwenye tundu na bomba la plastiki chini yake. Hadi leo hakuna hata tone linalovuja.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu, na ninausimulia kwa kirefu kwa sababu ndio mwezi ambao watu wengi huharibu masinki yao. Sinki lilifika likiwa na rangi ya waridi iliyokolea. Siku ya tatu lilikuwa na madoa ya kahawia mahali maji yalipotuama. Wiki ya pili upande mmoja ulikuwa wa rangi ya asali na mwingine wa zambarau hafifu, na pale binti yangu alipokamulia ndimu juu ya samaki kulikuwa na michirizi myekundu inayong'aa, kana kwamba mtu amechora kwa kalamu. Nilifikiri nimetapeliwa tena. Nilitaka kuchukua waya wa kusugulia sufuria, na kilichonizuia ni kumbukumbu ya lile pande la mlangoni.

Kinachotokea ni hiki. Shaba ikikutana na hewa na unyevu hujivika utando mwembamba wa kahawia, na utando huo ndio unaolikinga sinki, kwa kuwa shaba iliyo chini yake huacha kuliwa kwa kasi. Asidi ya ndimu, siki, nyanya au maziwa yaliyochacha huuyeyusha utando na kuuacha wazi wekundu wa asili. Doa jekundu, kwa hiyo, ni mahali palipovuliwa nguo tu, na pakiachwa hujivika tena. Jikoni kwangu huchukua wiki mbili hadi nne. Kufikia mwezi wa tano sinki lote lilikuwa limetulia katika kahawia ya punje za kahawa zilizokaangwa, na tangu hapo madoa mapya huonekana kwa muda na kupotea bila mimi kuyagusa.

Utunzaji wangu wa kila siku hauzidi dakika mbili. Baada ya chakula cha jioni naosha sinki kwa sabuni ya kawaida ya vyombo na kitambaa laini au dodoki, nalisuuza kwa maji mengi, kisha nalikausha kwa taulo kuukuu. Kukausha ndiko kunakofanya kazi kubwa. Sifongo yenye maji ikilala ndani ya sinki usiku kucha huacha kivuli chake, na kopo la bati likiachwa humo huacha pete ya kutu ambayo ni ya kopo na wala si ya shaba. Utando wa kijani huonekana mara chache, tena kuzunguka tundu la maji tu, siku ambazo tumesafiri na kuacha unyevu. Huo nauondoa kwa sabuni na mswaki laini. Ukiwa mgumu natumia nusu ya ndimu na chumvi kidogo, nikijua kwamba nitaacha doa jekundu litakalohitaji wiki kadhaa kurudi.

Vitu vitatu sivitaki karibu na sinki hili: waya wa kusugulia na unga wa kusugulia, kwa sababu hukwaruza; dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kwa sababu hugeuza rangi ikawa mabaka meusi na ya kijani; na dawa kali za kuzibua mabomba. Bomba likiziba, fundi hulifungua kwa chini. Mwaka juzi wakati wa Krismasi shangazi mmoja wa mume wangu, kwa nia njema kabisa, alilisugua kwa mchanga ili aniachie zawadi ya sinki linalong'aa. Nilimshukuru, kwa kuwa ni mtu mzima na alikuwa amechoka kwa ajili yangu, na nikasubiri miezi mitatu.

Suala la vijidudu linahitaji uangalifu, maana wauzaji hulitia chumvi. Ni kweli kwamba shaba huua bakteria. Mwaka 2008 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira lilisajili shaba na aloi zake, yaani shaba iliyochanganywa na metali nyingine, kuwa zenye uwezo wa kuua zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria kadhaa waliopimwa katika muda wa saa mbili. Lakini uwezo huo ni wa shaba iliyo wazi na iliyosafishwa. Ukiipaka vanishi, nta au rangi, bakteria hawaigusi tena shaba yenyewe. Kwa sababu hiyo nilikataa sinki lililopakwa vanishi, ambalo pia lina kasoro nyingine: vanishi ikichubuka mahali pamoja au ikiungua kwa sufuria iliyotoka kwenye sigiri, maji huingia chini yake na kuacha ukoko usiotoka mpaka yote ibanduliwe. Wapo wanaopaka nta ya nyuki kila baada ya wiki chache ili maji yateleze. Mimi nta naipaka upande wa mbele tu, ule unaoonekana kutoka sebuleni, na ndani naiacha shaba kama ilivyo. Na hata hivyo naosha sinki kila siku, kwa sababu saa mbili ni muda mrefu sana kwa ubao wa kukatia nyama ulioegeshwa hapo.

Kuhusu sumu, jibu langu kwa jirani ni kwamba maji yanayopita kwenye sinki hayana tatizo, lakini sinki lisigeuzwe bakuli. Sangara aliyelowekwa katika ndimu na chumvi, au embe bichi za achari, hazifai kulazwa humo hata kwa saa chache, kwa kuwa asidi huyeyusha shaba na kuiingiza katika chakula, na shaba nyingi huchafua tumbo. Tumia bakuli la kioo au la udongo.

Kasoro zipo. Chini pana mikwaruzo miwili mirefu ya kisu ambayo vishimo havikuifunika, ingawa inazidi kukolea rangi na kufifia. Kinu cha mbao kiliangukia ukingo wa kushoto na kuacha bonyeo la ukubwa wa ganda la karanga. Nilimwita fundi wa masufuria kutoka sokoni, akaweka kipande cha mbao ngumu upande mmoja na kugonga polepole kwa nyundo ya mbao upande wa pili, na kwa shilingi elfu kumi na tano ukingo ukanyooka. Ukipitisha kidole hapo utahisi wimbi dogo, na rangi yake bado ni nyekundu kidogo kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa ni wiki ya tatu tu tangu alipoondoka.