Kuchapa katuni kwa riso: siku nne, rangi mbili, nakala 200

Nimemaliza kuchapa katuni yangu ya tatu, na safari hii sikwenda fotokopi wala sikutuma faili kwa kampuni ya mtandaoni. Nimeichapa kwa riso, ile mashine ya kudurufu yenye umbo kama la fotokopi, ambayo wengi tumeijua kwa mitihani ya shule na matangazo ya ofisi. Kurasa 24 za ndani, jalada, rangi mbili, nakala 200. Nimeshinda nayo siku nne mfululizo kwenye karakana inayokodisha mashine kwa siku, kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyashika kwa mikono, na kucha zangu bado zina buluu.

Niseme mapema: kama unachora katuni na unazichapisha mwenyewe, hii ndiyo mashine. Lakini ina masharti, na masharti hayo ni bora uyajue ukiwa bado kwenye penseli, kabla hujafika na faili mkononi.

Inatengenezwa na Riso Kagaku, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1946, na mashine yenyewe, jina lake kamili Risograph, ilianza kuuzwa miaka ya 1980. Ilikusudiwa ofisi na shule, mahali panapotaka karatasi nyingi, haraka, kwa bei ndogo. Unaweka mchoro juu ya kioo au unatuma faili. Kichwa chenye joto kinatoboa matundu madogo mno kwenye stensili, yaani karatasi nyembamba ya kupitishia wino, stensili inajivika kwenye silinda iliyojaa wino, karatasi zinapita chini yake na wino unapenya kwenye matundu. Ni stensili ileile ya walimu waliokuwa wakiipiga kwa taipureta, ila hii inajitoboa yenyewe kwa sekunde chache. Silinda moja, rangi moja. Ukitaka buluu na pinki unachapa buluu yote, unachomoa silinda, unaingiza ya pinki, kisha unazirudisha karatasi zilezile. Zipo mashine zenye silinda mbili kwa pamoja, lakini niliyoitumia mimi ni ya silinda moja.

Uzuri wake wa kwanza uko kwenye hesabu. Fotokopi inakutoza sawa kwa kila ukurasa, uwe wa kwanza au wa 200. Ofseti, ile ya viwanda vya uchapaji, inataka mabamba na maandalizi, na gharama hizo hazianzi kuwa na maana mpaka uchape nakala nyingi sana, kiasi ambacho mtu anayeuza mwenyewe mezani hawezi hata kukibeba. Riso imekaa katikati. Stensili ndiyo inayogharimu, wino unakwenda kidogo, hivyo nakala ya kwanza inauma na ya 200 huihisi kabisa. Na sisi wa katuni za kujitegemea tunaishi humohumo katikati. Nakala 30 haziwatoshi wasomaji wangu, na 2,000 zitanifukuza chumbani.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Kurasa 24 ni karatasi 6 za A4 zilizokunjwa katikati. Kila karatasi ina pande mbili, kila upande rangi mbili: stensili 24. Jalada nililichapa upande wa nje tu, kwa rangi mbili, jumla ikawa 26. Zidisha kwa 200, karatasi zimepita mashinani mara 5,200. Mashine ikikimbia nakala 130 kwa dakika, hiyo kwenye daftari ni kazi ya dakika 40. Mimi imenichukua siku nne, na sehemu kubwa ya siku hizo nilikuwa nasubiri wino.

Wino wa riso ndio ninaoupenda na ndio ulionitesa. Ni wa mafuta ya mimea (wa siku hizi una mafuta ya pumba za mchele) na mashine haiukaushi kwa joto kama fotokopi inavyofanya. Unanyonywa na karatasi polepole, na hata baada ya wiki ukisugua kwa kidole mahali palipojaa rangi utaondoka na alama. Kwa sababu hiyo karatasi za kung'aa hazifai kabisa, wino unabaki juu juu kama mafuta kwenye sahani. Inatakiwa karatasi kavu, yenye nyuzi, inayokunywa. Siku ya kwanza nilichapa buluu pande mbili bila kupumzisha, nikaona ni ushujaa. Dada anayeisimamia mashine alikuja akaniwekea mkono juu ya rundo. "Kaka, ukizipitisha sasa hivi, magurudumu yatakupigia mistari katikati ya kila uso uliouchora." Nilikuwa nimeshapitisha 40. Mistari ilikuwepo, miwili, sambamba, kutoka juu hadi chini, ikikatiza paji la uso la shujaa wangu. Karatasi hizo 40 nimezikata kuwa vijidaftari vya kuchorea, na tangu hapo kila upande nimeulaza usiku mzima.

Mashine pia haiujui mchoro wako wa rangi. Inaona weusi na kijivu tu. Kwa hiyo kila ukurasa unauandaa mara mbili: faili moja lenye yote yatakayokuwa buluu, jingine lenye yote yatakayokuwa pinki, na yote mawili unayatengeneza kwa rangi nyeusi. Weusi mzito utakuwa buluu kamili, kijivu kitakuwa vitone vya buluu vilivyotawanyika, na pale faili zote mbili zina kitu, rangi zitapandana na kuzaa zambarau. Ukishaelewa hili, unaanza kuchora tofauti. Unajikuta unauliza kila kitu kwenye ukurasa: wewe ni wa buluu, wa pinki, au wa wote?

Ukurasa wa 17 ndio ulionifundisha zaidi. Mama amekaa dirishani usiku, ameshika taa ya chemni, anamsubiri binti yake. Chumba chote ni buluu. Mwanga wa taa nimeuacha pinki mtupu, ile pinki kali ya kung'aa ambayo skrini ya simu haiwezi kuionyesha na printa ya kawaida haiwezi kuichapa kwa sababu haina wino wa namna hiyo. Usoni kwa mama, upande wa taa ni pinki ya vitone vidogo, upande wa giza ni zambarau. Nilipoiona imetoka nilikaa chini. Nimechora uso ule mara tisa kwa penseli na haijawahi kuwa na joto lile.

Ila riso haiingizi karatasi mahali palepale kila mara. Inasogea, nusu milimita, wakati mwingine milimita nzima. Kwenye nakala kadhaa mwanga ulihama ukatoka nje ya kioo cha taa, na upande wa pili ukabaki ufito mweupe kama jeraha. Nusu ya kosa ni langu: nilizikata rangi zikutane ukingo kwa ukingo, kama vigae. Wanaoijua kazi wanaiacha pinki iingie chini ya mstari wa buluu kidogo, ili karatasi ikisogea pasiwe na pengo. Nilirekebisha faili, nikatoboa stensili nyingine, nikachapa upya. Nakala 11 za mwanzo nimezikataa. Wapo wanaosema kuhama huko ndiyo ladha ya riso, na kwenye miti, mawingu na nguo nakubaliana nao. Kwenye macho ya mtu, hapana. Jicho likihama milimita moja, mtu amebadilika tabia.

Na maneno. Usiyaweke maneno kwenye rangi mbili, hata kama unataka yakolee. Yote kwenye buluu, faili moja, basi. Nilisahau kiputo kimoja cha maneno ukurasa wa 9, kikatoka na kivuli cha pinki nyuma ya kila herufi, na hicho nimekiacha kwa sababu aliyekuwa akisema alikuwa mgonjwa wa homa. Pembezoni mwa karatasi mashine haichapi kabisa, kwa hiyo ukitaka mchoro ufike hadi ukingoni, chapa kwenye karatasi kubwa kisha ukate. Mimi nimeacha fremu nyeupe kuzunguka kila ukurasa, imenipa utulivu.

Mpangilio wa kurasa unastahili karatasi ya majaribio. Chukua karatasi sita tupu, zikunje pamoja, ziandike namba 1 hadi 24, kisha zitawanye mezani. Utaona ya nje kabisa inabeba 24 na 1, nyuma yake 2 na 23. Kila kurasa mbili zinazokaa upande mmoja zikijumlishwa zinatoa 25. Nikiona 26 najua nimekosea kabla sijapoteza stensili. Baada ya hapo ni kukunja na stepla ya mkono mrefu, kwa sababu stepla ya mezani haifiki kwenye mgongo wa kitabu. Nilikunja kwa mgongo wa kijiko, nikapiga pini mbili kila nakala, pini 400. Kwa kuwa karatasi za katikati hujitokeza nje zikikunjwa pamoja, nilimalizia kwa kukata ukingo kwa kisu kikali na rula ya chuma.

Kwa nini mtu ajipe kazi yote hii? Ukiangalia habari za karibuni za wachapishaji wadogo utapata jibu. Januari 2025 Diamond, msambazaji ambaye kwa miaka mingi alishika karibu njia yote ya kupeleka katuni kwenye maduka maalumu ya Marekani, aliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kilichowaumiza wadogo zaidi kilikuja baadaye mwaka huohuo. Vitabu walivyokuwa wameviweka kwenye ghala lake kwa mali kauli, vilipwe vikiuzwa, vikaingia kwenye mgogoro: kampuni iliomba ruhusa ya kuviuza ili kulipa wadai, wachapishaji wakapinga kwamba mali ni yao. Nilisoma habari ile na moyo uliniuma kwa watu nisiowajua, maana najua kitabu kimoja kinakula usiku ngapi. Nikatazama rundo langu la 200 pembeni ya kitanda. Ni dogo, lakini hakuna anayeweza kuliorodhesha kwenye madeni yake.

Ukuta wa gharama za uchapaji ni wa siku nyingi. Mwaka 1984 wachora katuni wa Marekani Kevin Eastman na Peter Laird walichapisha wenyewe toleo la kwanza la Teenage Mutant Ninja Turtles, nakala 3,000 hivi, nyeusi na nyeupe, kwa fedha ambazo sehemu yake ilikuwa ya kukopa. Mafanikio yalipokuja, Laird hakuusahau ukuta ule: mwaka 1992 alianzisha Xeric Foundation, na kwa miaka 20 ikawapa ruzuku wachora katuni wanaojichapishia. Ruzuku hizo zilikoma mwaka 2012. Siku hizi wengi wanachangisha kwa wasomaji kabla ya kuchapa, njia nzuri kwa kitabu kinene. Kwa kijitabu cha kurasa 24, riso imenipunguzia haja ya kuomba.

Nani asiitumie? Anayechora kwa rangi za maji zenye mipito laini, kwa sababu vitone vitaichakaza kazi yake. Anayetaka nakala 15, huyo aende fotokopi. Anayetaka jalada la kubandikwa dirishani mwa duka, kwa sababu ile pinki ikikaa juani inapauka, nami ya majaribio niliyoiacha dirishani tayari imeanza kuwa rangi ya mwili. Na anayehitaji nakala zote zifanane kama mapacha, kwa sababu zangu 200 hazifanani. Karatasi za mwanzo za kila rundo zimepauka kidogo kabla silinda haijalowa, za mwisho zimekolea.

Karakana nayo niipe haki yake. Walinikabidhi daftari la sampuli, kila rangi ikiwa imechapwa kwa asilimia 10 hadi 100, na peke yake na juu ya nyingine. Daftari hilo lina thamani kuliko saa ya maelezo. Niliwahi kuchapa kwingine, sitapataja, ambako hakukuwa na sampuli, niliambiwa "itatoka tu", na kijani nilichokitarajia kikatoka matope. Ukienda popote, kabla ya kulipa omba kuona rangi zao kwenye karatasi utakayoitumia, na uliza ni silinda zipi wanazo, kwa sababu kila karakana ina zake na hakuna yenye zote.

Toleo linalofuata nimeshalianza, kurasa 32, safari hii njano badala ya pinki, maana buluu na njano zitanipa kijani cha mto bila silinda ya tatu. Nimechora ukurasa wa kwanza kwa karatasi mbili zinazopitisha mwanga, moja juu ya nyingine, ya chini njano, ya juu buluu, na nimeiacha njano ivuke mstari kidogo.