Galaxy Tab A9+ ya Wi-Fi ndani ya nyumba ya mawe

Nilichukua kishikwambi cha Samsung, Galaxy Tab A9+ isiyo na laini, ile ya Wi-Fi peke yake, na kwa matumizi ya nyumbani nimeridhika nayo kabisa. Kioo chake cha inchi 11 kinawatosha wanangu wawili kusoma pamoja bila kugombana.

Kukiunganisha kishikwambi hiki ni kazi nyepesi: unafungua mipangilio, unagusa jina la mtandao wenu, unaandika nenosiri. Kama simu yako imeshaunganishwa, hata kuandika hakuna haja. Onyesha msimbo wa QR kwenye simu, kishikwambi kiusome kwa kamera, basi. Mama mkwe wangu, ambaye herufi kubwa na ndogo humchosha, amefanya mwenyewe.

La kuzingatia ni masafa ya mawimbi ya Wi-Fi. Kinashika gigahezi 2.4 na 5. Huku Mji Mkongwe kuta zetu ni za mawe na chokaa, nene hasa. Sebuleni karibu na ruta, 5 inakimbia kweli, video haikwami. Ukiingia chumba cha pili mawimbi yanadhoofika, na hapo 2.4 ndiyo mkombozi: kasi ndogo, lakini inapenya. Ndiyo maana kwenye ruta nimeyapa majina mawili tofauti, nichague mwenyewe.

Umeme ukikatika nawasha hotspoti ya simu, nacho kinajiunga chenyewe. Ila zima kwanza masasisho ya programu yanayojipakua yenyewe, maana bando litakwisha hujafungua hata ukurasa mmoja. Msafiri wa kila wiki achukue tu yenye laini.